Sekunde 11 Nilizokata

Kuna sekunde 11 ambazo hamjawahi kuziona. Ziko kwa simu yangu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, na nimezitazama labda mara arobaini tangu mwezi wa pili. Ni za ile video ya rafu. Mnaikumbuka: niko jikoni kwa mamangu, mvua inapiga mabati, natoboa chuma bapa na drili yangu mpya, halafu paap, rafu iko ukutani, sufuria zimepangwa, muziki unaingia. Watu 180,000 waliitazama. Hakuna kitu kingine nimewahi kuweka hapa kikafika hata robo ya hiyo.

Kati ya kutoboa na rafu kuwa ukutani zilipita siku 9. Zilipita pia nyuzi 7 kwa mkono wangu wa kushoto, pale chini ya kidole gumba, na sindano ya pepopunda. Hizo nilizikata. Nilikaa kitandani na bandeji, nikahariri kwa mkono mmoja, nikafunika pengo na muziki. Nilijiona mjanja sana.

Wacha niseme vile ilienda, kwa sababu kuna kijana ameumia kwa kunifuata mimi, na siwezi endelea kuweka vitu hapa kama hakuna kilichotokea.

Chuma kilikuwa cha unene wa milimita 5. Nilikiweka kwenye ukingo wa stuli, nikakibana kwa mkono wa kushoto, drili ikawa kwa wa kulia. Biti ya milimita 10, moja kwa moja, bila kutangulia na tundu dogo. Kasi ya mwisho, kwa sababu kwa kamera kasi inapendeza. Mwanzo biti iliteleza tu juu ya chuma, ikachora duara kama mtoto aliyepewa kalamu. Nikasukuma. Moshi kidogo ukatoka na nikafurahi, nikidhani moshi ni dalili ya kazi. Baadaye nimejua ni dalili ya biti kufa.

Halafu ikaanza kula. Na hapa ndipo watu wengi hudhani hatari imeisha, kumbe ndiyo inakuja. Biti ikiwa katikati ya chuma, ncha yake inakwangua kidogo kidogo. Lakini inapokaribia kutokea upande wa pili, kinachobaki ni ngozi nyembamba ya chuma, na wewe bado unasukuma kwa nguvu zile zile. Biti inapasua ile ngozi, kingo zake zinaingia pale kama skrubu, na badala ya kukwangua inashika. Drili haijui imeshika. Inaendelea kuzunguka, sasa pamoja na kile chuma. Kipande changu cha nusu mita kiligeuka panga la feni, na mkono wangu ulikuwa njiani.

Sekunde ya kwanza ya zile 11 hauoni hata damu. Unaona mimi nikitazama mkono kama ni wa mtu mwingine.

Wiki tatu baada ya video kupanda, kijana mmoja wa upande wa Bomet alinitumia ujumbe. Amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, kwao wana chai kidogo na yeye na dadake ndio huchuma. Alikuwa ameazima drili ya jirani atengenezee nyanyake rafu kama ile yangu. Alituma picha ya mkono wake wa kulia, vidole viwili vimefungwa pamoja, na maneno haya: bro nilifanya tu vile ulifanya, sijui nilikosea wapi.

Nilisoma hiyo kitu nikiwa kwa matatu, tumekwama pale Kapsoit, na nilitaka kushuka nitembee. Hakukosea mahali popote. Alifuata kila hatua niliyomwonyesha. Stuli, mkono, biti kubwa, kasi yote. Alipata kile kile nilichopata, tofauti ni kwamba yeye hakuwa na mahali pa kukikata.

Kwa wale si wa huku, mkono ulioumia kwa nyumba ya chai si jambo la pole na chai ya tangawizi. Majani mawili na chipukizi, ndiyo kipimo, na ni vidole vinavyopima. Unalipwa kwa kilo. Mkono ukikaa nyumbani wiki mbili, kilo nazo zimekaa nyumbani, na msitu wa chai haungoji, jani likizeeka limezeeka. Dadake ndiye alikuwa akichuma peke yake hizo wiki zote.

Mamangu alichuma miaka 19 kwa shamba kubwa upande wa Kericho. Mikono yake siku za baridi bado haikunji ngumi vizuri. Yeye alirudi nyumbani wakati mashine za kuchuma zilianza kuchukua nafasi ya watu kwa mistari ile ya chai. Mnajua hiyo stori, na mnajua Mei 2023 ilifika mahali watu wakachoma mashine Kericho na maisha yakapotea. Sitaki kufungua huo mjadala leo, nitaufungua siku nikiwa na akili imetulia. Nasema tu kwamba siku niliingia nyumbani na drili nimeibeba kama kombe, mamangu aliitazama akaniuliza, "Na hiyo nayo inafukuza nani?"

Nilicheka. Siku niliyojikata, kitu cha kwanza alichoangalia si kidonda. Aliangalia ni mkono upi. Alipoona ni wa kushoto akapumua, halafu nadhani akakumbuka chai huchumwa na mikono yote miwili, kwa sababu alikaa chini.

Sasa. Aliyenifundisha kushika hii kitu ni mjomba wangu, fundi wa mbao upande wa Kapkatet. Na hapa lazima nisafishe jambo: kwa Kikipsigis ndugu ya mamako unamwita "mama". Ndiyo, mama, mwanaume wa ndevu. Kwa hivyo nilipoandika hapa kwamba "mama amenifundisha drili" na mkajaza maua na mioyo kumsifu mamangu, mlikuwa mnamsifu mzee wa miaka 58 anayevuta ugoro. Amefurahi sana, by the way. Anauliza kama kuna mengine.

Mjomba hakuanza na kutoboa. Alichomoa betri akaiweka upande mwingine wa benchi, mbali kabisa. "Weri," akaniambia, "kwanza itoe moyo, ndiyo uishike mdomo." Yaani kabla ya kubadilisha biti, kabla ya kugusa pale mbele panapozunguka, betri iko nje. Ikiwa ni ya waya, plagi imetoka kwa ukuta, si swichi tu imezimwa. Kidole kinaweza kugusa swichi bila wewe kujua, na mkono wa pili uko kwa biti. Zile za zamani zinazofungwa na ufunguo, ufunguo unatolewa saa ile ile. Ukiusahau pale, drili ikiwaka unaruka kama jiwe la manati.

Baadaye nilisoma kidogo. Drili ya umeme ya kushikwa mkononi ni ya zamani kuliko nilivyodhani, ilitengenezwa na Fein kule Stuttgart, Ujerumani, 1895. Ile yenye umbo la bastola na swichi ya kidole ni ya Black & Decker, ya 1917. Niliipenda hiyo habari ya swichi kwa sababu inaeleza kitu mjomba alikuwa akirudia rudia: kidole si cha kuwasha tu, ni breki. Swichi ya drili nyingi za sasa inasikia nguvu ya kidole. Ukibonyeza kidogo inazunguka kidogo. Mimi nilikuwa naibonyeza kama kengele ya mlango.

Na kasi, bana. Hii ndiyo ilinifungua macho, na ni hesabu ya darasa la saba. Drili yangu kwa gia ya pili inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Biti ya milimita 4, mzunguko wake ni kama milimita 12 na nusu, kwa hivyo ukingo wake unasafiri karibu mita 19 kila dakika. Biti ya milimita 10 kwa kasi ile ile, ukingo unasafiri mita 47. Mashine haijabadilika, kidole hakijabadilika, lakini ile kubwa inakwaruza chuma mara mbili unusu zaidi. Chuma cha kawaida kinataka kama mita 25 hivi. Ndiyo maana yangu ilitoa moshi. Kwa chuma, biti ikiwa kubwa, unarudi gia ya kwanza, unaenda polepole, unasukuma kwa uzito wa mwili bila kupapasa, na unadondosha oili kidogo. Ukifanya sawa, chuma kinatoka kikijikunja kama nywele za mtoto. Kikitoka unga, kuna kitu hakiko sawa. Na usizipanguse hizo nywele na kiganja, utajuta, tafuta brashi.

Kwa mbao ni kinyume, mbao inataka kasi. Lakini mjomba ana maneno yake kuhusu mbao za huku. Saipresi ni laini, inasamehe. Mkaratusi, zile mbao za miti mirefu mnaiona imezunguka mashamba ya chai, ule ukikauka ni mgumu na unapasuka ukiangalia vibaya. Skrubu karibu na mwisho wa ubao wa mkaratusi bila tundu dogo la kwanza, umepata kuni mbili. Na ukitaka upande wa pili usichanike, weka kipande cha mbao mbovu chini, utoboe mpaka ukiguse.

Kuhusu kile chuma bapa, alinionyesha na chuma kile kile kilichonikata. Alikuwa amekihifadhi, sijui kwa nini, kilikuwa bado na alama. Kwanza akakibana kwa jiliwa, ile mafundi wanaita vaisi. Hakuna mkono. Kama huna vaisi, klampu mbili na ukingo wa meza nzito, na upande mrefu wa chuma uegemee kitu kizito ili kikishika kisiweze kuzunguka. Halafu akagonga alama na msumari wa zege, kashimo kadogo tu, biti ipate mahali pa kukaa. Halafu tundu la milimita 4. Halafu la 10, gia ya kwanza. Na ilipokaribia kutokea, sauti ikabadilika. Alinyamaza ili niisikie. Inakuwa nyembamba, kama inanung'unika. Pale unapunguza kusukuma, karibu usisukume kabisa, unaiacha imalize yenyewe.

Ilichukua dakika nne. Kwa video ni milele. Dakika nne za mzee akitoboa chuma kimoja, hakuna mtu atakaa hapo, na hiyo ndiyo shida yetu sisi tunaotengeneza hizi vitu. Kila kitu kinachokulinda ni kile kinachokatwa. Kubana kunakatwa. Kupima kunakatwa. Kuvaa miwani kunakatwa, au haivaliwi kabisa kwa sababu inaficha sura. Nimepitia video zangu 23 za kazi za mikono. Miwani iko kwa mbili, na kwa moja iko kichwani, juu ya kofia, kama pambo.

Nitasema kitu hapa ambacho wengine watakasirika. Sisi vijana wa huku tunacheka mtu akivaa miwani ya kazi. Tunamwita daktari. Fundi wa kweli, tunasema, anafunga jicho moja. Mjomba ana rafiki ambaye anafunga jicho moja kila siku sasa, hana lingine. Miwani ya plastiki ni bei ya chipsi na soda. Sina heshima tena kwa hiyo stori ya ufundi wa kweli, na nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiisimulia.

Glavu nazo ni kinyume na unavyodhani. Nilipoumia, watu wawili waliniambia ningevaa glavu. Mjomba alikataa kabisa. Zile glavu za kufuma zikiguswa na biti inayozunguka zinajisokota, na kidole kiko ndani. Vile vile mikono mirefu ya sweta, kamba za hudi, nywele ndefu, lesso. Dada yangu ana rasta mpaka mgongoni na hataki kusikia hii, lakini anazifunga.

Ukuta ni somo lingine na nitaenda haraka. Swichi yenye alama ya nyundo ni ya mawe na zege tu, si ya mbao, si ya chuma. Biti yake ina ncha pana kama kijembe kidogo. Funga kipande cha tepu kwenye biti kuonyesha urefu unaotaka kuingia, vuta nje mara kwa mara vumbi litoke, vaa barakoa kwa sababu vumbi la jiwe likiingia kifuani halitoki. Na kabla ya yote, angalia soketi na swichi za taa ziko wapi. Nyaya zilizofichwa kwa plasta kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwa hizo, au huenda mlalo kufuata usawa wake. Usitoboe juu ya soketi, chini yake, wala kando yake kwa msitari huo. Stima yetu ni volti 240. Kama huna uhakika, zima swichi kuu ya nyumba utumie ya betri.

Mvua ya huku mnaijua, ikikosa saa nane iko saa kumi. Drili ya waya, ekstensheni chini kwa nyasi, miguu na kandambili zilizolowa: mimi nilifanya hiyo pia, video ya banda la kuku, mwezi wa tisa. Hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi sasa, kwamba hakuna kilichotokea, na kwa hivyo nilidhani najua.

Kuna waliouliza nitaitoa ile video ya rafu. Nilitaka kuitoa. Mamangu ndiye alinizuia. Nilimwonyesha zile sekunde 11, mara yake ya kwanza kuziona, na akaangalia mpaka mwisho bila kusema. Halafu akasema kijana wa Bomet alifuata kitu alichoona, na ukikiondoa tu, wale 180,000 bado wanacho kichwani. Akasema niweke kile nilichotoa. "Lakini damu ikate," akaongeza. "Si sinema."

Kwa hivyo imerudi, iko na zile sekunde, na dakika nne za mjomba nyuma yake, zote, bila muziki.

Jumamosi iliyopita nilienda Bomet. Nilibeba drili, klampu mbili, miwani mbili na pesa ambazo nilikuwa nimelipwa kwa ile video, si nyingi, mnajua hawa watu wanavyolipa. Pesa nilimpa dadake, kwa sababu yeye ndiye alichuma. Alizihesabu mbele yangu, akaniuliza kama hiyo ni ya wiki ngapi. Sikuwa na jibu.

Nyanya alituletea mursik. Kijana alikuwa kimya, mpole kuliko nilivyotarajia, ningependa angenitukana kidogo. Vidole vimepona lakini kimoja hakinyooki vizuri. Alisema kwa kuchuma kinamchelewesha, kwa kushika kikombe hakina neno. Tukatoa meza nje, tukabana chuma. Nilimwachia drili. Aliichomoa betri kwanza, akafunga biti ya 4, akavuta kidogo kuona imekaa, akarudisha betri. Alikuwa ameitazama ile ya dakika nne mpaka mwisho, niligundua.

Mkono wake ulitetemeka alipogusisha biti kwa chuma. Akasimama. Akavuta pumzi, akaanza tena polepole. Nilikuwa nimepanga kumwambia wakati sauti ikibadilika, nilikuwa nimeinua hata mkono. Alilegeza kidole kabla sijasema, biti ikamalizia yenyewe, kipande kikadondoka kwa nyasi.

Tulikuwa tumebakisha matundu matatu mvua ikaanza. Tukabeba meza ndani.